Fundi Aliyesoma Matambara

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, asanteni kwa kufika kumsindikiza mzee wetu. Nyumbani aliitwa Baba. Kwa watoto wa dada yake aliitwa Mjomba. Kiwandani, kwa miaka kumi, aliitwa Mwalimu Tambara, na jina hilo alilipenda kuliko yote, ingawa mkewe hakulipenda hata kidogo.

Maneno haya yameandikwa na mpwa wake, na ndiye anayeyasoma. Jumatano asubuhi, siku moja baada ya msiba, mjane alimwita jikoni akamwambia, "Andika wewe, mwanangu. Sisi tunamjua yule wa nyumbani, aliyevua viatu mlangoni. Yule wa kiwandani unamjua wewe." Mpwa alijaribu kukwepa. Akasema watoto wa kuzaliwa wapo, tena wamesoma kumpita. "Kwani wewe uliokotwa?" mjane akamuuliza, na mazungumzo yakaishia hapo. Desturi ya wasifu ni kumtaja kila mtu kama yuko mbali, hata anayesoma, na mpwa huyu ameishukuru desturi hiyo tangu Jumatano. Mtaona sababu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa pili kati ya watano. Nyumba yao ilikuwa ndani ya uzio wa kituo cha kusukuma maji, hatua thelathini kutoka kwenye pampu, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakupata usingizi pampu ikizimwa. Baba yake aliajiriwa kuiwasha alfajiri na kuizima jioni, basi. Spana hakuruhusiwa kushika. Spana ilikuwa ya fundi, na fundi aliishi mji mwingine. Mwaka 1961 nati moja ya pampu ilianza kulegea. Baba mtu aliiona Jumatatu, akaandika barua. Jumatano pampu ikajitikisa mpaka ikapasuka, na mitaa sita ikakaa siku nne bila maji, watu wakipita kwenye uzio na ndoo tupu wakimtukana mtunza pampu. Fundi alipofika alimwambia mbele ya mwanawe, "Mzee, nati yenyewe ungeikaza hata kwa mkono." Marehemu alikuwa na umri wa miaka minane. Kisa hicho alikisimulia kwa kila darasa alilofundisha, na kila mara alimalizia hivi: "Baba yangu hakuwa mjinga. Alikuwa amekatazwa."

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza 1966, akaendelea na sekondari hadi 1970. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Anachokumbukwa nacho ni kengele ya umeme ya shule, ambayo ilikwama siku ya mtihani. Akaifungua kwa kisu cha mezani, akamtoa mende aliyekufa ndani, akaifunga. Mwalimu mkuu alimchapa viboko vitatu kwa kuifungua na kumpa daftari jipya kwa kuiponya, vyote siku hiyohiyo. Marehemu alisema vilimtosha kumfundisha dunia ilivyo. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ufundi, na tarehe 14 Desemba 1973 akapata cheti cha ufundi mitambo. Cheti hicho mpwa wake alikitafuta Jumatano ili tarehe isikosewe, na katika kukitafuta alikuta kitu kingine. Tutafika huko.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika kiwanda cha sabuni, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane. Wazee wa kiwandani mliopo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mafundi wanne, mashine ishirini na mbili. Mashine ikigoma, opereta alibonyeza kengele nyekundu, akajilaza juu ya maboksi, akangoja. Kuna mmoja aliyeota ndoto nzima, akaamka, akaisimulia kwa wenzake, na fundi bado hajafika. Mara nyingi kilichoiua mashine kilikuwa kitu cha aibu: uzi uliojizungusha kwenye ekseli, nati iliyolegea, beringi iliyosahauliwa bila grisi. Marehemu alikuwa akirudi nyumbani akinung'unika kwamba amesoma miaka mitatu chuoni ili leo aende kuondoa uzi.

Mke alimpata kwa njia hiyohiyo. Bibi huyu alikuwa mshonaji, mwenye chumba kimoja kilichotazama barabara, na cherehani yake ilikuwa ikiruka mishono. Akaita fundi. Fundi alikuja, akakaa, akakataa kuishika. Alimpa mwenye cherehani kitambaa na brashi ya meno na kumwambia aanze kufuta chini ya bati la sindano. "Nilikasirika," mjane anasimulia. "Nilimwita atengeneze, yeye anakaa kwenye kiti changu ananifundisha. Vumbi la nyuzi lililotoka pale lingejaza mto. Halafu wiki ya pili karudi. Eti kuangalia kama nimefuta." Alirudi wiki ya tatu na ya nne pia, na cherehani haikuwa na ubaya wowote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1988 dada yake alipofariki, marehemu alikwenda kumchukua binti wa dada yake, wakati huo wa miaka tisa, mwenye begi moja na kiatu kimoja kilichofumuka. Njiani alimnunulia sindano na uzi badala ya kiatu kipya. Wakakaa kwenye benchi la kituo cha basi akamwonyesha namna ya kukishona. Binti huyo ndiye huyu mpwa.

Mwaka 1994 meneja wa wakati ule alimruhusu afanye alichokiomba kwa miaka sita, yaani kuwafundisha waendesha mashine kuzitunza wenyewe. Si kuzifumua, hapana. Kazi za kila siku tu. Alizifupisha kwa maneno manne: futa, paka, kaza, sikiliza. Alianza na watu sita wa Laini ya Pili, yaani mstari wa pili wa mashine. Wiki ya kwanza hakuna aliyepewa spana. Kila mmoja alipewa tambara jeupe, lililokatwa kutoka kwenye mashuka makuukuu ambayo mkewe aliyakusanya mtaani, na kuambiwa aifute mashine yake yote, pembe kwa pembe. Watu walilalamika. Walisema wameajiriwa kuendesha mashine, si kuiogesha. Saa sita akakusanya matambara na kuanza kuyasoma.

Waliomwona akisoma tambara hawajasahau. Alilinyoosha kuelekea dirishani kama daktari na picha ya mfupa. "Wewe umefuta mbele tu, nyuma hujafika. Haya madoa ni ya sabuni, si ya grisi." Anachukua la pili. "Hapa pana unga wa chuma unameta. Umeutoa wapi? Nipeleke." Wakaenda, wakakuta gia inajisaga, na bado ilikuwa na uhai wa kuokolewa. Kuanzia siku hiyo malalamiko yalipungua. Watu walianza kuleta matambara yao kwa fahari, na kuna bibi mmoja wa Laini ya Kwanza aliyekuwa akichungulia la jirani asije akapitwa kwa weusi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliwataka waiseme kwa sauti kila asubuhi kabla ya kugusa chochote: "Zima. Funga. Ufunguo mfukoni. Ndipo mkono uingie." Kisanduku cha umeme hakikuwa cha opereta, na aliyekisogelea alifukuzwa darasani siku hiyo.

Mafundi wenzake walimjia juu. Walimwambia anawagawia watu mkate wao. Aliwajibu, "Mtoto akijua kujifuta kamasi, mama hakosi kazi." Ikawa kweli, maana mafundi walipoacha kukimbizana na nyuzi walipata nafasi ya kutengeneza mambo makubwa, na kengele nyekundu ilikaa kimya mpaka buibui akatanda juu yake. Kufikia 2004 alikuwa amefundisha watu thelathini na mmoja. Aliyemaliza darasa alipewa spana ndogo yenye namba yake, na tambara moja jeupe kila Jumatatu, la kurudisha Jumamosi likasomwe.

Mpwa wake aliajiriwa kiwandani mwaka 2001, akapita darasani kwa mjomba wake mwaka 2003, akakabidhiwa mashine ya kupiga chapa ya Laini ya Pili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuiendesha. Hakupendelewa, aliulizwa maswali magumu kuliko wote na tambara lake la kwanza lilirudishwa mara tatu. Mwaka uliofuata uongozi ukaleta kadi. Kadi ilining'inia kwenye mashine, na kila asubuhi opereta alitakiwa kuweka alama ya vema kwenye yale maneno manne, siku kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Marehemu hakuipenda. Alisema kalamu haina pua, haiwezi kunusa grisi iliyoungua. Lakini wakubwa waliipenda, kwa kuwa kadi unaweza kuiweka kwenye faili na tambara huwezi.

Sasa, ndugu zangu, mwandishi amefika mahali alipozunguka kwa siku mbili nzima. Mficha maradhi, wahenga wanasema, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe huenda kikawa cha mtu mwingine.

Oktoba 2004 palikuwa na ubao getini ulioonyesha laini ipi imetoa katoni nyingi zaidi. Laini ya Kwanza ilikuwa inaongoza kidogo sana. Mpwa alitaka jina lake liwe juu, na kazi zile nne zilimla dakika kumi na mbili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Jumatatu tarehe 11, saa moja kasorobo, alichukua kalamu akajaza kadi yote kwa mkupuo mmoja. Futa, paka, kaza, sikiliza, siku zote sita, zikiwemo ambazo jua lake lilikuwa halijachomoza. Tambara akalikunja, akalitia mfukoni mwa ovaroli. Hakufuta. Hakupaka. Jumatano Laini ya Pili ilikuwa juu ya ubao, na wenzake wakampigia makofi.

Alhamisi tarehe 14 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, beringi ya mashine ile ilikauka, ikashikana, na shafti ikavunjika kwa mlio uliosikika mpaka ofisini. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Lakini shafti ya namna ile haikupatikana upesi, na Laini ya Pili ikasimama siku kumi na tisa.

Mjomba wake alikuwa wa kwanza kufika. Akazima, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Akaingiza mkono, akaupitisha kwenye beringi, akautoa mkavu. Kisha akaupitisha kwenye gia ya jirani, ukatoka mweusi wa grisi, na kwa mkono huo akaichomoa kadi pale ilipokuwa imening'inia. Akaitazama muda mfupi. Dole gumba lake likapita juu ya Ijumaa na Jumamosi, polepole, mpaka safu zile mbili zikafunikwa na doa. Akanyoosha mkono wa pili kwa mpwa wake. "Tambara," alisema. Mpwa akampa. Mjomba akalikunja bila kulisoma, akalitia ndani ya shati.

Walikuwa watatu mbele ya meza ya meneja: fundi mkuu, marehemu na mpwa wake. Meneja aliinua kadi. "Futa, vema. Paka, vema. Kaza, vema. Sikiliza, vema. Jumatatu hadi leo, hakuna pengo. Na tena kadi yenyewe ina grisi, huyu anafanya kazi kweli. Sasa niambieni. Kama mwanafunzi kafanya yote aliyofundishwa na mashine imekufa, kosa la nani?"

"La mwalimu," marehemu alisema.

"Una hakika?"

"Aliyefundisha ni mimi."

Mpwa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, ana ulimi, na akili zake timamu. Hakusema neno. Alijikaza kisabuni, kama tunavyotaniana sisi wa kiwanda kile, akatazama kona ya meza. Amejiuliza miaka ishirini kwa nini sentensi moja ilimshinda, na jibu lake halijawahi kumpendeza: aliona aibu, na aliona kwamba mtu mwingine amekwisha kulibeba kosa lake.

Marehemu alidhani atakemewa. Hakujua kwamba watafunga darasa. Wiki ile ile likatoka tangazo kwamba ni marufuku opereta kushika spana. Spana thelathini na moja zilikusanywa kwenye gunia, na yeye mwenyewe akaambiwa ndiye apite mashine kwa mashine kuzikusanya. Bibi yule wa Laini ya Kwanza alilia. Kuna wengine waliomrushia spana gunini bila kumtazama, wakidhani amewafundisha vibaya akawatia aibu. Waliofanya hivyo baadhi yao wako hapa, na hawakuwa na kosa, waliamini walichoambiwa. Kengele nyekundu ikarudi kazini. Watu wakarudi kuona nati ikilegea Jumatatu na kuandika barua. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekatazwa, na aliyesababisha wakatazwe alikuwa anakula nao chakula cha mchana.

Marehemu alihamishiwa stoo. Miaka minane na nusu alikaa nyuma ya dirisha la nondo, akigawa balbu na mifagio, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2013. Stoo ile ilikuwa safi kuliko hospitali. Mpwa, kwa upande wake, alipandishwa cheo Mei 2005 kuwa msimamizi wa zamu. Meneja aliinua ile kadi mbele ya wafanyakazi wote akasema huu ndio mfano wa kuigwa, akamvisha kilemba cha ukoka, na marehemu alipiga makofi pamoja na wengine. Kadi ikatiwa plastiki na kutundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wasimamizi. Mpwa alipita mbele yake kila siku ya kazi, na kila siku aliliona lile dole gumba.

Alijaribu kusema. Haki itendeke, alijaribu mara tatu, na mara zote alifika mlangoni akageuka. Mwaka 2009 alikwenda dirishani kwa mjomba wake akiwa amejiandaa tangu asubuhi, na mdomo ulipofunguka ukaomba grisi kilo tano. Mzee aliisoma fomu. "Kilo tano ni nyingi kwa watu wasioruhusiwa kupaka," alisema, akapima, akampa. Walicheka wote wawili. Mpwa akaondoka na ndoo yake. Nyumbani alikuwa akimnunulia mjomba viatu, shati, redio, kila mwezi kitu, na mzee alikuwa akimwambia, "Mbona unanilea kama mgonjwa?"

Ugonjwa ulikuja kweli Januari 2022. Ulikuwa moyo. Daktari alimweleza kwamba umechoka kusukuma, na marehemu akauliza kama nao ulikosa grisi. Alipambana nao miaka miwili na zaidi, mkewe akimpa dawa kwa saa kama anayefuata kadi, ila yeye hakuruka hata siku moja. Jumatatu tarehe 27 Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa mara ya mwisho, kitanda namba 14, karibu na dirisha. Siku ya tatu nesi alimkuta ameinama sakafuni kando ya toroli la dawa.

"Mzee! Rudi kitandani!"

"Mjukuu wangu, toroli lako linalia tangu juzi. Lina nywele kwenye ekseli. Njoo nikuonyeshe, usiningoje mimi."

Nesi yule yuko hapa leo. Anasema sasa wodi nzima wanafuta magurudumu kila Jumatatu na hakuna aliyewaagiza.

Jumamosi tarehe 8 Juni mpwa alikaa naye peke yake. Akaanza, "Mjomba, kuna jambo la ile Alhamisi."

Mzee alifumba macho kidogo. "Hilo mimi si wa kuambiwa," akasema. "Toroli lina gurudumu moja la kushoto bado linalia. Lifute."

Mpwa alidhani amechoka, au hataki kuguswa kidonda. Akapiga magoti akafuta gurudumu, nywele na uzi na weusi wote, akamwonyesha kitambaa. Marehemu alikinyoosha kuelekea dirishani. "Hili sasa ni tambara," alisema. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho yaliyokuwa na maneno. Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi mitatu na siku mbili.

Jumatano alasiri, akitafuta kile cheti, mpwa alifungua sanduku la chuma la kijani lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu. Ndani mlikuwa na matambara, yamekunjwa na kupangwa, la kwanza zuri la kila mwanafunzi, na kila moja limebanwa kikaratasi chenye namba ya mashine. Yalikuwa thelathini na moja, likiwemo la mpwa la mwaka 2003, lile lililorudishwa mara tatu. Chini yao kulikuwa na la thelathini na mbili. Lilikuwa jeupe. Mikunjo yake ilikuwa ileile ya mfukoni mwa ovaroli. Kikaratasi kilisema: *Laini ya Pili. Alhamisi 14/10/2004. Mwanangu. Atasema mwenyewe.*

Alingoja miaka ishirini kasoro miezi minne. Mpwa alikaa sakafuni na tambara lile mpaka mjane alipokuja kumtafuta. Mpwa akamweleza yote, tangu ubao wa getini mpaka meza ya meneja. Mjane alisikiliza huku amesimama.

"Nilijua," akasema. "Nguo zenu nilifua mimi. Wiki ile ovaroli yako ilitoka safi kama ya karani. Nilikukasirikia miaka miwili, mwanangu. Yeye akanikataza kukuuliza, halafu nikachoka kukasirika."

"Kwa nini hakunisema?"

"Mimi nilimwambia amekosea. Watu thelathini wameadhibiwa kwa ajili ya mtoto wake mmoja. Akasema anajua." Akakaa kitandani. "Sasa usinieleze mimi. Wasomee wao."

Basi mnasomewa. Aliyeua beringi ile si mwalimu na si mafunzo yake. Ni huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi hii mkononi. Mlichofundishwa kilikuwa sahihi, neno kwa neno. Mpwa anawaomba radhi ninyi mliopokonywa spana, anamwomba radhi mjane na watoto, na hakuna atakayelaumiwa akikataa kumpa. Kuhusu marehemu, hamfanyi malaika. Siku ile alimficha mtu wake na wengine wakaumia, naye alilijua hilo mpaka mwisho wake. Lakini kosa la kwanza halikuwa lake, na heshima aliyovuliwa inarudishwa kwake hapa, mbele ya mwili wake, kwa kuchelewa sana.

Jana Ijumaa mpwa aliishusha ile kadi ukutani, akaipeleka kwa meneja wa sasa pamoja na maelezo yaliyoandikwa na kusainiwa, na ombi kwamba spana zirudishwe kwa wenyewe. Meneja alisoma mara mbili. Alisema, "Tutaongea Jumatatu." Huenda mpwa akamwaga unga, na itakuwa haki. Matambara yenu yako kwenye meza pale mlangoni, kila moja na namba yake. Mwenye lake achukue. Lile la thelathini na mbili mpwa atabaki nalo. Jumatatu saa moja kasorobo, kabla ya kuitwa ofisini, atakuwa kwenye mashine ya kupiga chapa ya Laini ya Pili, na atakapoingia ofisini tambara hilo halitakuwa jeupe.

Marehemu ameacha mjane, mshonaji, ambaye bado anaifuta cherehani ileile kila Jumamosi. Ameacha watoto watatu: kifungua mimba, ambaye ni mkunga, wa pili, mwalimu wa hesabu, na kitinda mimba, dereva wa lori ambalo halijawahi kumharibikia njiani. Ameacha kaka mmoja, dada wawili na wajukuu saba. Ameacha wanafunzi thelathini wasiokuwa na hatia, na mmoja mwenye nayo, ambaye alimlea tangu miaka tisa na kumwita mwanangu.

Mwalimu, zamu yako imekwisha. Zima. Funga. Ufunguo mfukoni. Pumzika kwa amani, Mjomba. Nimesema mwenyewe.